Kumvusha Bibi Siku ya Vunja Jungu

Sifa njema zote ni zake Mola, aliyeitandaza bahari na kuitia chumvi isioze, akaipa saa za kujaa na saa za kupwa ambazo hakuna mfalme awezaye kuzisogeza. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Namshukuru Mungu kwa umri alionipa na kwa kumbukumbu aliyoniachia, maana wengi wa rika langu wamebaki na kimoja bila kingine. Kwa shukrani hiyo nataka kusimulia habari za msimu mmoja wa utoto wangu, msimu ambao watoto watano tusiojua kushika kasia tulitakiwa kuipeleka mashua mbele bila kupinda, na juu ya jambo hilo dogo likategemea jambo kubwa la mtu mwingine.

Harufu inayonirudisha huko ni ya mafuta ya papa. Juzi nilikuwa nikipita ufukweni na wajukuu, nikamkuta kijana anaipaka mashua yake mafuta hayo, na wajukuu wote wakaziba pua. Mimi nikasimama nikavuta pumzi kama mtu aliyepita mlangoni pa muuza halua. Katika harufu ile niliusikia moto wa mbao zilizochomwa na jua, nikausikia mnato wa mpini wa kafi viganjani, nikamsikia na Bibi akicheka nyuma ya ushungi wake.

Kijiji nilichozaliwa kiko kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, mahali ambapo bahari huingiza mkono wake katikati ya mikoko kana kwamba inatafuta kitu ilichokisahau nchi kavu. Mkono huo wa maji sisi tuliuita hori. Ng'ambo ya hori kilikuwapo kijiji kingine, karibu kiasi kwamba asubuhi tulivu uliweza kusikia mchi wao ukigonga kinu. Vijiji hivi viliunganishwa na daraja la magogo lililopita sehemu nyembamba ya hori, huko juu. Mwaka ninaousimulia, mvua za vuli zilishuka kwa hasira, kijito kinachomwaga maji yake horini kikafurika, na daraja likaondoka lote bila kuaga. Njia ya kuzunguka kwa ndani ilikuwa tope la magoti, hata punda waliisusia. Na ule ulikuwa msimu wa korosho. Baba na wanaume wengi walikuwa Kiwangwa mashambani, na wavuvi walikuwa wamehamia dagoni, kambi yao ya mbali ya uvuvi. Wote hao tuliwatarajia mwezi wa Ramadhani utakapoandama. Kijiji kilibaki mikononi mwa akina mama, wazee, watoto na mbuzi.

Bibi yangu mzaa baba, Bibi Mwanaisha, alikuwa na dada mmoja tu duniani, Bibi Mwajuma, naye alikuwa ameolewa ng'ambo ya hori. Tangu usichana wao dada hawa walikuwa na desturi moja ambayo hawakuikata hata mwaka mmoja: vunja jungu yao waliila pamoja. Sisi watu wa pwani, katika siku za mwisho za Shaabani, tunapika kuliko kawaida, tunaalikana, tunaombana radhi, kisha tunaingia katika mfungo tumbo na moyo vyote vimetulia. Mwaka mmoja Bibi Mwajuma alikuja kwetu, mwaka wa pili Bibi alikwenda kwake, na ule ulikuwa mwaka wa Bibi kwenda. Lakini lilikuwapo jambo zaidi ya desturi. Macho ya Bibi yalikuwa yakifunga. Wingu jeupe lilikwisha kulifunika jicho la kushoto, na sasa lilikuwa linaingia la kulia. Hakulalamika. Alikuwa akichambua mchele kwa vidole badala ya macho, na akasema tu kwamba dunia inamfungia madirisha moja moja.

“Mwakani nitamsikia dada yangu,” alimwambia mama. “Mwaka huu nataka nimwone.”

Mjomba Mbaruku, kaka yake mama, alijaribu kumtuliza. “Subiri Idi, Mama. Wanaume watakuwa wamerudi, watakuvusha.”

“Macho yangu hayajui Idi ni lini, Mbaruku.”

Mjomba alikuwa ndiye mwanamume pekee mwenye nguvu aliyebaki kijijini, na nguvu zenyewe zilikuwa nusu. Alikuwa ameanguka na baiskeli iliyosheheni mananasi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa vibao kuanzia kiwiko. Alichokuwa nacho ni mashua, kuukuu lakini nzima, ya makasia manne, isiyo na tanga wala usukani. Mtu mmoja alikaa nyuma kabisa na kuiongoza kwa kafi refu. Bibi alinyoosha kidole, akaniashiria mimi niliyekuwa nimejibanza mlangoni nikila kipande cha muhogo.

“Nitavushwa na mume wangu,” akasema.

Wasomaji wa pwani wanajua kwamba kwetu bibi humwita mjukuu wake mume, na utani huo hauna mwisho mpaka kaburini. Mimi nilikuwa nimehitimu juzuu ya Amma ya Kurani mwaka ule, na nilijiona mtu mzima wa kuulizwa ushauri. Mjomba alicheka mpaka mkono ukamuuma. “Athumani huyu? Huyu hata mbuzi hajapata kumvusha shimo la maji machafu!”

“Basi mfundishe, yeye na wenzake. Akishindwa nitadai talaka yangu mbele ya watu.” Kisha akaacha kucheka, akasema taratibu ili sote tusikie: “Siku watakapokwenda ng'ambo na kurudi bila kugusa mkoko hata mmoja, siku hiyo nitapanda. Kabla ya hapo, sipandi. Nimesema nataka kumwona dada yangu, sikusema nataka kuwaona kaa.”

Ndivyo tulivyopata kazi. Upande wa kulia wa mashua aliketi Mwanahawa, binti wa mjomba, ambaye mikono yake ilikuwa imekomazwa na mchi na kinu, na mbele yake Shabani, mdogo wangu, ambaye mdomo wake ulikuwa na nguvu kuliko mikono. Upande wa kushoto waliketi pacha wawili, Hassan na Hussein, watoto wa mwenye duka la kijiji, familia iliyotoka Omani vizazi vingi nyuma na ambayo kwa mapishi na maneno ilikuwa ya kwetu kabisa. Mimi nilikaa nyuma na kafi. Mvuta makasia huketi akiipa mgongo safari yake, hivyo wale wanne walikuwa wakinitazama mimi usoni, nami peke yangu niliona tunakokwenda. Nilidhani hiyo ni heshima. Baadaye nilijua kwamba ni kuwa wa kwanza kuona aibu inakuja.

Makasia yanataka wimbo, la sivyo kila mtu anavuta kwa saa yake. Wavuvi wetu walikuwa na nyimbo zao za kuvutia makasia, ila maneno yake hayakuwa na adabu hata kidogo, na mama alikwisha kutuonya kwamba atakayerudi nazo nyumbani atasugua mdomo kwa majivu. Shabani akapendekeza kasida ya kumsalia Mtume, ile iliyosomwa kila mahali wakati wa maulidi. Sote tuliijua. Tukaona tumepata wimbo na thawabu kwa safari moja.

Siku ya kwanza tulisukuma mashua majini maji yakiwa yamejaa, tukaanza kasida kwa sauti ya juu, makasia yakapiga, na mashua ikaondoka kwa fahari mpaka ikafika kama urefu wa msikiti. Hapo ikaanza kugeuza kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia ameitwa nyuma. Nikatia kafi kuizuia, ikageuka upande wa pili. Nikatia tena. Tuliandika juu ya maji njia kama ya nyoka aliyelewa, na mwisho tukawa tunazunguka pale pale. Wanawake waliokuwa wakiokota chaza kwenye tope walisimama, wakashika viuno.

“Jamani, hao wamepoteza kibla!” akapiga kelele mmoja.

“Waacheni,” akajibu mwenzake, “wanatufu Kaaba.”

Tulirudi ufukweni tukiwa tumelowa jasho na maji, na Bibi, aliyeketi juu ya jamvi akisikiliza, aliuliza tumefika wapi. Shabani akamjibu kwamba tumefika mbali sana, ila kwa kuzunguka.

Siku ya pili mjomba alinifundisha kushika alama. Aliniambia nichague kitu kimoja ng'ambo, nikielekezee kichwa cha mashua, nisikiache kwa macho. Nikatazama ng'ambo. Mikoko yote ilikuwa ya kijani, yote sawa, isipokuwa pahali pamoja penye kitu cheupe kilichong'aa vizuri. Nikakishika kwa macho yangu yote mawili. Ajabu ya Mungu, siku ile nilijiona naiongoza mashua kama nahodha wa meli. Kitu cheupe hakikunitoka hata mara moja. Tulikuwa tumekwisha kuingia ndani ya mikoko, mizizi ikikwaruza mbao na matawi yakimvua Hassan kofia yake, ndipo alama yangu ilipokunjua mabawa ikaruka. Ilikuwa yangeyange. Alikuwa akitembea polepole ukingoni akidonoa samaki, nasi tulimfuata kwa utiifu mpaka jikoni kwake.

Mjomba alilala chali mchangani kwa kicheko. “Mwanangu,” alisema alipopata pumzi, “alama ya baharini ni kitu kisicho na miguu.” Wiki nzima kijiji kiliniita Maalim Yangeyange, na hata imamu, Mungu amrehemu, aliniuliza baada ya sala kama mwenzangu hajambo.

Nilipokwisha kupata alama ya kweli, mnazi mmoja mrefu uliokatika kilele, lilibaki tatizo la mkono wangu. Mashua ilipopinda kidogo nililitia kafi. Isipoitikia mara moja nililizidisha. Hapo mjomba alipanda, akaketi karibu nami, akanifundisha jambo ambalo tangu siku ile nimelitumia katika kulea watoto, katika kusomesha na katika kukaa na jirani. “Mashua ni nzito ya kusikia,” alisema. “Ni kama mzee. Umwambie neno moja, kisha ungoje. Wewe unamwambia neno, hajajibu unamwambia la pili, hajajibu unampigia kelele la tatu, na yeye maskini anayasikia yote kwa pamoja, anaruka upande wa pili. Tia kafi kidogo. Kisha toa. Kisha sema *bismillahi* moyoni, na ungoje.” Kungoja kule kulikuwa kugumu kuliko kuvuta. Moyo uliniambia kwamba nisipofanya kitu sasa hivi tutapotea. Lakini nilipong'ata ulimi na kungoja, kweli kichwa cha mashua kilirudi chenyewe, taratibu, kama mtoto aliyenuna anavyorudi kula.

Hata hivyo mashua iliendelea kupinda. Kafi langu lilikuwa limetulia, alama ilikuwa mnazi, na bado kila tulipofika katikati ya hori kichwa kilipinda kushoto, kikarudi kulia, kikaenda tena kushoto. Siku zilikuwa zinakwisha. Kila jioni Bibi aliniuliza, “Mume wangu, vipi?” nami nilijibu, “Bado kidogo, Bibi.” Kila jioni pia nilimwona akiinua kiganja chake mbele ya uso, akikisogeza karibu, akikisogeza mbali, akipima ni kiasi gani cha dunia kimebaki. Sote tuliijua ile methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama, tukamtafuta nahodha wa pili tumlaumu, hatukumpata. Mjomba alikagua mbao, akapima makasia, akawabadilisha watu nafasi. Hakuona kitu.

Kisha ikatokea siku ambayo pacha walifika wamenuna. Mama yao alikuwa amewachapa asubuhi kwa kuonja kashata alizokuwa ameziandaa kwa ajili ya vunja jungu, na wote wawili walikuwa wameapa kutofungua kinywa siku nzima. Walivuta kimya. Kasida iliimbwa upande wa kulia tu, na mashua ilikwenda imenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Nilipiga kelele ya furaha. Mjomba alisema labda kile kiboko kilikuwa na baraka. Kesho yake pacha walikuja wakicheka na kuimba kwa sauti zao nzuri, na mashua ikarudia uhayawani wake.

Mwanahawa aliacha kuvuta. Aliliweka kasia lake juu ya mapaja, akawaambia pacha, “Imbeni peke yenu.” Wakaimba. Akamwambia Shabani aimbe peke yake. Akaimba. Kisha akatutazama sote kama mtu aliyekuta ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.

Sisi watoto wa kijijini tulisoma kwa maalim wa msikiti wetu, na yeye alitufundisha kuivuta sauti mwishoni mwa kila beti, kuiacha ielee mpaka pumzi ikate. Pacha walisomea chuo cha mjini Bagamoyo, kwa maalim mwingine, na huko mwisho wa beti hukatwa mara moja, tap, na beti jipya huanza. Masikioni kasida ilikuwa moja. Mikononi zilikuwa mbili. Kila mwisho wa beti pacha walikuwa wamekwisha kuvuta wakati Mwanahawa na Shabani bado wanaelea na sauti, na mashua ilipokea pigo la kushoto, kisha pigo la kulia, kama mtu anayesukumwa mabega na wagomvi wawili.

Tulifurahi kwa muda mfupi sana, kwa sababu ugomvi wenyewe ulianza hapo hapo, katikati ya maji.

“Basi mkate kama sisi,” akasema Hassan.

“Tukate? Maalim wetu amesema kuikata kasida ni ukosefu wa adabu.”

“Na maalim wetu amesema kuivuta hivyo ni kulialia kama paka.”

“Mwambie maalim wako aje ayaseme hayo hapa!”

“Na wako aje ajifunze!”

Msomaji asidhani huo ulikuwa ukaidi wa watoto tu. Kwa mwanafunzi wa chuo katika siku zile, namna ya maalim wako ilikuwa amana. Ulikabidhiwa uitunze kama ulivyopewa, na kuibadilisha mbele ya watu ilikuwa kama kumvua kilemba. Mwanahawa, aliyekuwa na haraka kuliko sote, alikuwa na machozi ya hasira. Mashua ilikuwa inapelekwa na mkondo huku kila mmoja akimtetea maalim wake. Hata mimi, niliyestahili kuamua, sikuthubutu, ningempinga yupi?

Jioni ile nilimweleza Bibi. Nilitarajia ahukumu. Hakuhukumu. Alikuwa ametoka kuswali magharibi, tasbihi iko mkononi, na alizisogeza punje chache kabla ya kunijibu. “Wote wawili walimu wao wako sawa,” alisema. “Mimi sitaingia kati ya mtoto na mwalimu wake.” Akaendelea na nyiradi zake. Nilikaa pale nimekata tamaa, nikisikiliza midomo yake na mlio mdogo wa punje moja ikiigusa nyingine, na pale pale nikajua. Nilikimbia nje kumtafuta Mwanahawa bila hata kuvaa ndara.

Nilichowaambia wenzangu asubuhi ni hiki: tuache kasida ipumzike. Baada ya sala, chuo chetu tunasema *subhanallah*. Chuo cha pacha wanasema nini? Hussein akajibu kwa mashaka, kama mtu anayeogopa mtego, “Subhanallah.” Na mnaivuta? “Aaa, nani anaivuta? Nyuma yake zinangoja nyingine thelathini na mbili.” Basi tukajaribu. Neno moja, pigo moja. *Subhanallah*, makasia yote manne ndani. *Subhanallah*, makasia yote manne ndani. Hakuna mwalimu aliyeshushwa cheo. Tulikwenda ng'ambo, tukageuka, tukarudi, na hatukugusa mkoko hata mmoja. Wanawake wa chaza walipiga vigelegele. Bibi, ambaye alikuwa amesikia kila pigo tangu mwanzo hadi mwisho, alisimama kwenye jamvi lake, akamwambia mama, “Nitolee kanga zangu mpya.”

Siku ya vunja jungu maji yalijaa karibu na alasiri, kama yafanyavyo mwezi unapokaribia kuandama. Tulipakia sufuria ya pilau iliyofungwa kwa kitambaa, mikate ya kumimina na mchuzi wa papa. Mjomba alitaka kupanda, Bibi akamkataza: “Ukipanda wewe, Mbaruku, watakutazama wewe. Baki uwape moyo.” Akaketi nyuma kando yangu, harufu ya udi ikitoka katika nguo zake, akatoa tasbihi yake. Wale wanne walikaa wakimwangalia. Kila alipoangusha punje, walivuta. Hawakuhitaji hata kupaza sauti.

Katikati ya hori, pale maji ya kijito yanapoingia kwa nguvu, kitanzi cha kamba kilicholishika kasia la Hussein, tulichokiita kishwara, kilikatika. Kasia lake likaanguka ovyo, naye akaenda chali miguu juu. Sasa kushoto lilibaki kasia moja, kulia mawili, na kichwa cha mashua kikaanza kuelekea mikokoni, huku mkondo ukitusukuma. Viganja vyangu viliwaka. Nilitaka kulitia kafi kwa nguvu zangu zote. Mama alikuwa ufukweni nyuma yetu, na nilimsikia akiita jina la Mungu. Nilitia kafi kidogo, nikalitoa, nikangoja, na kungoja huko ndiko kulikokuwa kurefu kuliko kote maishani mwangu.

“Shabani, inua kasia lako,” nikasema. “Wabaki Hassan na Mwanahawa.”

Lakini Mwanahawa alikuwa na nguvu za watu wawili, na Hassan alikuwa mwembamba kama ufito. Wangevuta kila mtu kwa nguvu zake tungezunguka tena mbele ya vijiji viwili. Mwanahawa alilijua hilo kabla yangu. “Vuta unavyoweza, Hassan,” alisema, “mimi nitakufuata.” Akavuta kwa kadiri ya mwenzake, hata punje moja zaidi hakuongeza. Hussein alishika kopo akawa anamwaga maji yaliyoingia. Bibi hakusimamisha tasbihi yake wala hakuiharakisha. Tulikwenda polepole, polepole sana, na mnazi uliokatika kilele ulisimama juu ya kichwa cha mashua mpaka mchanga ukakwaruza chini yetu.

Bibi Mwajuma hakungoja. Yeye aliyekuwa akitembea kwa mkongojo aliingia majini mpaka magotini, kanga zikaelea. Bibi alishuka akishika bega la Mwanahawa. Hakumkumbatia dada yake mara moja. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamgeuza kuelekea jua, akaleta jicho lake la kulia karibu, karibu kabisa, akamtazama paji, akamtazama nyusi, akamtazama mdomo, kama mtu anayesoma kitabu ambacho kesho kitarudishwa kwa mwenyewe.

“Dada,” akasema, “umezeeka.”

“Alhamdulillahi, na wewe je?” Bibi Mwajuma akajibu. “Au kule kwenu hakuna kioo?”

Wakacheka, wakashikana, wakalia, wakacheka tena, na sisi tukabeba sufuria. Nilikula pilau siku ile mpaka nikashindwa kuinama kwenye sala.

Kabla ya Shaabani nyingine macho ya Bibi yalikwisha kufunga yote mawili. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Bibi Mwajuma alimtembelea, wakagusana mikono na kusikizana. Lakini kila Bibi alipomweleza mtu sura ya dada yake, aliieleza ile aliyoisoma ufukweni: kovu dogo juu ya nyusi, jino moja la mbele lililopungua, uso umelowa na jua limeupiga. Kwa Bibi, dada yake hakuzeeka tena.

Leo juu ya hori lile kuna daraja la zege, na bodaboda hulivuka kabla abiria hajamaliza salamu. Wingu la macho lililomfungia Bibi huondolewa hospitali. Mimi mwenyewe nimeondolewa, na jioni ile ile nilihesabu majani ya mlimau uani kwetu kwa furaha ya mtoto. Wajukuu zangu walio Msata na Dar es Salaam huniletea nyuso zao ndani ya simu wakati wowote, wakinionyesha hata chakula walichokila. Sidharau neema hizi, najua ni nani aliyezitoa. Nasema tu kwamba tulipokuwa na njia ngumu ya kumfikia mtu, tulipofika tulimtazama. Siku hizi njia imekuwa nyepesi, na mara nyingi najikuta nimekata simu bila kujua mjukuu wangu amekonda au amenenepa. Ndipo huamka, nikavaa kanzu, nikapanda basi, nikamfuata kwake, nimshike mashavu.

Nawe uliyenisikiliza mpaka hapa, Mola akutunzie nuru ya macho yako na ya moyo wako. Akupe mtu ambaye uso wake unastahili safari, akupe na wenza watakaokubali kuvuta kwa kadiri yako siku utakapochoka. Akufikishe kwake maji yakiwa bado yamejaa, na akukutanishe naye hapa duniani, na kesho mbele ya haki, mkiwa mnacheka. Amin.